Ahadi ya Kulipa Si Malipo

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo moja la sokoni ambalo mwisho wake huonekana nyumbani. Nalo ni hili: mtu auzaye kitu kwa mnunuzi asiyemwona, atajuaje kwamba amelipwa kweli? Swali laonekana dogo, hata mtoto angeweza kulijibu. Lakini hapa Uvira, na katika vijiji vya kando ya ziwa mpaka Makobola na Baraka, swali hilo limekwisha kuzitia taabuni jamaa zaidi ya moja tunazozifahamu sisi wenyewe.

Hapo zamani biashara ya ndagala ilifanyika ana kwa ana. Wavuvi walirudi alfajiri baada ya kuvua usiku kucha kwa taa. Akina mama wakanunua, wakaanika juani, wakatia maguniani. Mnunuzi wa Bukavu alikuja mwenyewe. Akatia mkono ndani ya gunia, akaonja, akabishana juu ya bei, kisha akahesabu noti mbele ya mashahidi. Kama palikuwa na noti mbovu, ilionekana pale pale. Siku hizi mambo yamegeuka. Mama apiga picha ya magunia yake kwa simu, aipeleka kwa WhatsApp au Facebook, na kabla jua halijachwa amekwisha kuulizwa bei na watu wa Bukavu, wa Kalemie, wa Lubumbashi, hata wa Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Jambo hilo hatulilaumu hata kidogo. Aliyekuwa na wanunuzi kumi leo anao mia. Tunachosema ni kwamba zamani macho yalitufanyia kazi kubwa bila sisi kujua, na sasa kazi hiyo yapasa kufanywa na akili.

Tuanze na cheki, ambayo wengi wetu huitamka sheki kwa kufuata Kifaransa, nao watu wa pwani ya bahari huiita hundi. Cheki ni nini? Ni barua fupi tu. Mtu mwenye akiba benkini anaiandikia benki yake: mlipeni fulani kiasi fulani kutoka katika akiba yangu. Ili barua hiyo igeuke kuwa fedha, mambo matatu lazima yawe kweli yote pamoja. Kwanza, aliyetia sahihi awe ndiye mwenye akiba. Pili, akiba hiyo iwepo, tena itoshe. Tatu, benki yake iikubali barua na kuzitoa fedha. Likipungua moja tu, cheki haina faida ila kufungia karanga. Wahenga walisema, Ahadi ni deni. Naam, cheki ni ahadi, kwa hiyo ni deni. Na mwenye kushika deni mkononi bado hajalipwa.

Hilo neno hundi lina habari inayofaa kujulikana. Lilitoka Bara Hindi, likaletwa Unguja na wafanyabiashara Wahindi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilifika Ujiji, na kutoka Ujiji watu wakapanda mitumbwi kuja huku kwetu. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara hao upande wa kaskazini wa ziwa. Mali ya misafara mara nyingi ilikuwa imekopwa Unguja. Tajiri Taria Topan alimkopesha Tippu Tip bidhaa nyingi, na Tippu Tip katika safari yake kubwa alikaa barani miaka kama 12, tangu 1870 hata 1882, ndipo akarudi Unguja. Je, tajiri huyo alitegemea karatasi? Alimtegemea mtu. Alimjua yeye, aliujua ukoo wake, na alijua mahali pa kwenda kumdai. Karatasi ilikuwa ukumbusho tu wa jambo ambalo watu wawili waliojuana walikwisha kulipatana. Ukiiondoa ile hali ya kujuana, ukaibakiza karatasi peke yake, umebaki na nini?

Sisi Wakongomani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana tumefundishwa kwa fimbo. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena. Watu wakapewa siku chache za kuzibadili, tena kwa kiasi kilichowekwa mpaka, na wengi waliokuwa mbali na benki wakabaki na vifurushi vya karatasi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 bei zilipanda kila siku, na benki zenyewe zikakosa noti za kuwapa wateja. Wakati huo cheki ya benki iliuzwa kwa hasara: mwenye cheki alikubali kupata noti pungufu kuliko kiasi kilichoandikwa, mradi apate noti za kushika. Ikaja noti ya milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi huko Kinshasa mwezi wa Januari 1993. Mwaka huo huo zaire mpya moja ikachukua mahali pa zaire za kale milioni 3, na mwaka 1998 franka moja ya Kongo ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Wazee wetu waliopita katika mambo hayo hawahitaji kuambiwa kwamba tarakimu zilizoandikwa ni jambo moja, na kitu unachoweza kununulia unga ni jambo jingine. Vijana ndio wanaohitaji kuambiwa.

Sasa tutazame jinsi cheki inavyotumiwa kudanganya wauzaji. Habari hii si ya mbali nasi. Watu wengi wa Uvira na Fizi walikimbilia Tanzania katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na baadhi yao wakapelekwa Marekani. Hali kadhalika, wengi waliookoka katika mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti 2004 walianza kupelekwa Marekani mwaka 2007. Huko ndugu zetu huuza na kununua vitu kwa mtandao kama wenyeji, nao wadanganyifu huwatafuta kama wanavyowatafuta wenyeji.

Hila yenyewe ni hii, nasi tuliwahi kuiandika ubaoni mbele ya wanafunzi wetu kama hesabu ya kawaida. Mama mmoja auza cherehani kwa dola 200. Mnunuzi asiyejulikana asema yuko mji mwingine, ataleta mtu wa kuichukua. Cheki yafika kwa posta. Lakini imeandikwa dola 900, si 200. Mnunuzi aomba radhi: amekosea, au amechanganya na malipo ya mchukuzi. Amsihi mama aweke cheki benkini, ajitwalie dola 200 za cherehani na dola 50 za usumbufu, na zile 650 zilizobaki amtumie mchukuzi upesi. Mama aenda benkini. Baada ya siku moja au mbili aona dola 900 katika hesabu yake. Atuma 650. Mchukuzi aja, cherehani yaondoka. Baada ya juma moja au mawili benki yapata habari kwamba cheki ni ya uongo, nayo yadai dola 900 zake.

Tukawauliza wanafunzi: mama huyu amepoteza kiasi gani? Wengine wakajibu 200, wengine 650, mmoja akasema 900. Jibu la kweli ni 850. Mkononi amebakiwa na dola 250, na benki yadai 900. Basi atatafuta dola 650 kutoka mfukoni mwake. Juu ya hizo, cherehani ya dola 200 imekwenda. Na kama cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto, hasara yake haiandikiki ubaoni.

Kijana mmoja akauliza, tena aliuliza vema: Mwalimu, kama cheki ilikuwa ya uongo, benki ilionyeshaje fedha? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 yaiamuru benki impe mteja ruhusa ya kutumia fedha za cheki katika siku chache zilizowekwa, ili benki zisikae na fedha za watu bila sababu. Lakini kuipeleka cheki kwa benki iliyotajwa na kupata jibu la mwisho huenda kukachukua siku nyingi zaidi. Kwa hiyo fedha zinazoonekana siku ya pili ni mkopo wa muda ambao benki inampa mteja kwa kumwamini yeye. Cheki ikikataliwa, mdaiwa ni mteja. Mdanganyifu anaishi katika nafasi ile iliyo kati ya siku ya kuonekana kwa fedha na siku ya kuthibitika kwake. Ndiyo sababu daima ana haraka. Huomba fedha zitumwe kwa njia isiyoweza kurudishwa. Mwaka 2017 kampuni ya Western Union ilikubali kutoa dola milioni 586 baada ya kukiri mbele ya serikali ya Marekani kwamba haikuwazuia ipasavyo wadanganyifu waliopitisha fedha za watu kwa mawakala wake.

Wengine watasema: cheki inakufa, ya nini kutuchosha? Ni kweli, inakufa. Benki Kuu ya Kenya ilikataza cheki zinazozidi shilingi milioni 1 tangu Oktoba 2009, na Afrika ya Kusini iliacha kabisa kupokea cheki mwisho wa mwaka 2020. Hapa Uvira kuna watu wazima ambao hawajapata kushika cheki hata moja. Lakini hila haikufa pamoja na karatasi. Imevaa nguo mpya, nayo yatembea katika simu zetu.

Fedha za simu za M-Pesa zilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, zikaingia Kongo, na tangu mwaka 2012 M-Pesa inapatikana kwetu pia. Leo ipo pamoja na Airtel Money na Orange Money. Ni msaada mkubwa. Lakini angalieni: fedha zikifika, simu hupokea ujumbe wenye kusema kwamba umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Ujumbe huo ni maneno. Maneno aweza kuyaandika mtu ye yote mwenye simu. Basi ujumbe ndio cheki ya siku hizi, na picha ya ujumbe uliotumwa kutoka simu ya mwingine ni dhaifu kuliko cheki.

Tulimwona mama mmoja wa Kalundu, mwuza ndagala, aliyeuziana kwa simu na mtu aliyejiita mfanyabiashara wa Bukavu. Magunia matatu. Lori lilikuwa tayari, shoferi akipiga honi, mnunuzi naye akipiga simu kila dakika: nimekwisha kutuma, pakia, lori litakuacha. Ujumbe ukaingia, una kiasi, una jina, una tarehe. Mama akapakia. Jioni alipokwenda kwa wakala kutoa fedha, wakala akamwonyesha kwamba hesabu yake haikuongezeka hata franka moja. Alipoutazama tena ule ujumbe, ulitoka kwa namba ya mtu wa kawaida. Simu ya mnunuzi ikawa imezimwa. Wala magunia hayo hayakuwa mali yake peke yake. Mtaji ulitoka katika likelemba ya akina mama wenzake, na zamu iliyofuata ilikuwa ya mjane aliyengojea fedha hizo kulipia masomo ya sekondari ya binti yake. Mdanganyifu alidhani ameiba kwa mtu mmoja asiyemjua. Kumbe amemtoa binti shuleni muhula mzima.

Kuna na hila nyingine za ukoo huo huo. Mtu hutuma ujumbe wa uongo wa franka 100,000, kisha hupiga simu akilia: nimekosea namba, zilikuwa za dawa ya mtoto, nirudishie. Mwenye huruma hutuma fedha zake mwenyewe, maana za yule hazikuwapo. Mwingine hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu na kuuliza namba ya siri ili fedha zifunguliwe. Mwingine hutuma fedha za kweli, achukue mali, kisha huiomba kampuni imrudishie akidai alikosea. Zote zina alama mbili zile zile tulizoziona katika hesabu ya cherehani: haraka, na kukuomba utoe kitu kabla hujathibitisha ulichopokea.

Mwalimu mwenzetu, mtu mwenye busara, alisema dawa ni moja: noti mkononi, basi. Tungependa kukubaliana naye, lakini hatuwezi. Yeye ana mshahara hapa mjini. Mama wa ndagala akitaka noti mkononi, lazima mtu azisafirishe katika bonde la Ruzizi au katika njia ya Fizi, na kila mmoja wetu ajua habari za njia hizo. Isitoshe, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, benki za miji hiyo zilifunga milango, na watu wakabaki na simu kama njia yao ya kupitisha fedha, mara nyingi kwa kukatwa sehemu kubwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo vita vikaufikia mji wetu wenyewe. Kumwambia mtu wa nchi kama hiyo asipokee ila noti ni kumwambia asiuze. Hatukatai biashara ya mbali. Twataka iwe na utaratibu.

Basi utaratibu wenyewe ndio huu, nanyi mnaojua kusoma wasomeeni wasiojua.

Kwanza, mali isiondoke mkononi kabla fedha hazijaingia katika hesabu yako. Usitazame ujumbe, fungua mwenyewe huduma ya simu yako kwa namba ya siri, utazame akiba ilikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani. Kama hujui kufanya hivyo, nenda kwa wakala unayemjua. Shoferi akikataa kungoja, lori lingine litakuja.

Pili, akulipaye zaidi ya bei umwogope kuliko akulipaye pungufu. Mnunuzi wa kweli hubishana ili apunguze. Fedha zikizidi kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake, nayo ifanye kazi hiyo.

Tatu, ukipewa cheki na mtu usiyemjua, usimpe mali siku unayoipeleka benkini. Uliza benki neno moja lililo wazi: je, cheki hii imekwisha kulipwa na benki ya mwandikaji, au fedha hizi bado zaweza kurudishwa? Ngoja jibu, hata kama ni majuma mawili. Na tukumbuke kwamba kwetu Kongo kutoa cheki isiyo na akiba ni kosa la kuadhibiwa. Lakini adhabu ya mwizi haijazi gunia.

Nne, biashara ikiwa kubwa, mtafute mtu wa kati. Kila mfanyabiashara wa Kalundu ana ndugu, rafiki au mteja wa siku nyingi huko Bukavu, Baraka au Kalemie. Huyo ampokee mnunuzi, amwone uso, apokee fedha, ndipo mali itolewe. Mpeni ujira wake. Hivyo ndivyo hundi za kale zilivyofanya kazi: zilipita katika mikono ya watu waliojuana.

Tano, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina, namba ya simu, tarehe, kiasi, na namba ya malipo, vyote viandikwe katika daftari siku ile ile. Likitokea neno, hamtakwenda kwa kampuni au polisi mikono mitupu.

Limebaki jambo moja, nalo twaliona zito kuliko yote. Yule mama wa Kalundu alikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Aliona haya. Aliogopa mumewe atamwita mjinga, na wenzake watamshuku kwamba fedha amezila mwenyewe. Katika siku hizo tatu mdanganyifu aliweza kuuza magunia, kutupa namba ile, na pengine kumdanganya mama mwingine kwa maneno yale yale. Kama angalipiga kelele saa ile ile, huenda lori lingalizuiwa njiani, hata huko Kamanyola. Huenda wenzake wangaliijua namba ile wasiipokee. Aibu yetu ndiyo chaka anamojificha mwizi.

Kwa hiyo, enyi waume, mke akija na habari ya namna hiyo, msianze kwa kumkaripia. Nanyi akina mama wa likelemba, wekeni shauri kabla hasara haijaja: mwenzetu akidanganywa, atatuambia siku hiyo hiyo, nasi hatutamcheka. Nanyi wanafunzi, mnaoijua simu kuliko wazazi wenu, msiwaachie kusumbuka peke yao. Jioni ya leo, ketini na mama, mwonyesheni jinsi ya kutazama akiba yake mwenyewe, tena mrudie mpaka aweze kufanya bila ninyi. Ni kazi ya dakika kumi. Kesho alfajiri mitumbwi itarudi na ndagala, na simu zitaanza kulia.